Uzio wa mizinga: piga hesabu ya mzingo kabla ya asali

M: Karibuni tena. Leo tuko Sagalla, Taita-Taveta, pembeni mwa hifadhi ya wanyama ya Tsavo Mashariki, Kenya, ambako mahindi yakianza kubeba, ndovu nao wana habari. Dada, anayetaka biashara ya asali huku aanzie wapi?

Z: Aanzie kwenye uzio. Mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka na kumuuma kandokando ya macho na ndani ya mkonga.

M: Ngozi yote ile na bado anaogopa!

Z: Ndani ya mkonga hakuna ngozi nene, bwana. Mwaka 2007 mtafiti wa ndovu Lucy King na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa hata sauti ya nyuki kutoka kwenye spika huwaondoa ndovu. Uzio umetokana na hapo.

M: Vipimo sasa.

Z: Simika nguzo mbili, mita 3 kati yao, mzinga uning'inie katikati usawa wa kifua. Acha mita 7, halafu nguzo mbili nyingine zenye mzinga bandia, yaani kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi ya njano. Endelea hivyo kwa zamu. Kila mita 10 una kituo kimoja, cha mzinga wa kweli au bandia. Ekari moja inachukua 12 vya kweli na 12 bandia.

M: Na waya?

Z: Hapo ndipo wengi huharibu. Waya unafungwa kwenye mzinga, haupigwi misumari kwenye nguzo. Ukiugongomea nguzo, ndovu anasukuma nguzo, mzinga umetulia tuli, na nguzo inang'oka. Sukuma waya kwa mkono ukiwa umesimama kati ya vituo viwili: mzinga usipocheza, umejenga kamba ya kuanikia nguo.

M: Mizinga 12 kwa mtu anayeanza ni pesa. Aanze na nusu ekari?

Z: Sikiliza hesabu. Uzio unafuata mzingo, haufuati eneo. Nusu ekari ya mraba ina mzingo wa karibu mita 180, kwa hiyo vituo 18, mizinga 9. Umepunguza shamba nusu, mizinga umepunguza robo tu. Ila majirani wanne wenye ekari moja moja zilizopakana wakizungusha pamoja, mzingo ni kama mita 510, mizinga 26. Kila mtu kivyake wangehitaji 48.

M: Kwa hiyo mtaji wa kwanza ni jirani.

Z: Na mpatane mapema nani anarina mzinga upi. Kuzungushia upande mmoja peke yake usijisumbue, ndovu atazunguka.

M: Mzinga wenyewe?

Z: Wa viunzi vya juu unatosha, yaani vipande vya mbao vinavyopangwa juu ya sanduku, nyuki wakaning'iniza sega chini ya kila kimoja. Upana wa kiunzi ni milimita 32 kwa nyuki wetu. Viunzi 28 vinajaza karibu sentimita 90. Fundi akikata vipana zaidi, nyuki hujenga sega likivuka viunzi viwili, na siku ya kurina ukiinua kimoja unapasua mawili. Nenda na rula kwa fundi.

M: Nyuki wananunuliwa?

Z: Wanakuja wenyewe, ukiwavutia. Yeyusha nta, pitisha mstari katikati ya kila kiunzi upande wa chini. Ndani sugua gundi ya nyuki au mchaichai. Tundika kabla ya mvua, maana makundi huhama maua yakifunguka. Kisha kagua kila wiki: buibui, mijusi, sisimizi. Paka grisi nyaya za kuning'inizia, sisimizi wasivuke.

M: Mzinga ukibaki mtupu?

Z: Hauna kazi. Sagalla penyewe, ukame wa 2017 ulifukuza nyuki wengi, na uzio ukalegea pia. Misimu mazao yanaposhamiri, utafiti wa miaka 9 uliochapishwa 2024 ulikuta hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia walizuiwa. Weka karai la maji lenye mawe ya kutua, na kivuli juu ya kila mzinga.

M: Tuje kwenye kurina.

Z: Jioni, moshi wa magunzi makavu, kidogo tu, asali hushika harufu ya moshi haraka. Anza upande ulio mbali na mlango. Sega lishikwe wima daima; ukililaza linakatika. Chagua lililofunikwa nta karibu lote. Lenye vijitundu wazi litikise: likidondosha matone, rudisha. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha, na chupa ikifura dukani, mteja harudi.

M: Na tusiwaache na njaa.

Z: Masega ya watoto usiguse hata moja, na mengine mawili matatu ya asali waachie kwa kiangazi. Chuja kwa kitambaa bila kuchemsha, weka ndoo yenye kifuniko cha kubana, kwa sababu asali hunyonya unyevu hewani.

M: Nta je? Kuna wanunuzi.

Z: Ya msimu wa kwanza usiuze. Viunzi vya mizinga mitupu vinaihitaji kabla ya mvua ijayo.