Skrini Inasema 37.5, Kona Inasema Vingine

ZUHURA: Karibuni tena. Leo ni mashine za kutotolesha vifaranga, hizi za kujiundia nyumbani. Msikilizaji wetu mmoja anasema mashine yake inasoma nyuzi joto 37.5 muda wote, lakini mayai ya katikati yanaanguliwa siku ya 20, ya pembeni siku ya 23, na mengine yanafia humo humo. Kaka Salum, tumwambieje?

SALUM: Kwanza pole yake. Halafu tumuulize, kipimajoto kakiweka wapi? Maana hiyo 37.5 ni ya pale kilipo tu. Kona ya nyuma inaweza kuwa 36, karibu na balbu 39, na skrini ikakuonyesha namba ileile nzuri.

ZUHURA: Ana balbu moja ya wati 100, kaining'iniza katikati ya boksi.

SALUM: Basi jibu tumeshapata! Afadhali nne za wati 25, moja kila kona. Moja ikiungua usiku, tatu zinakufikisha asubuhi. Na ziwe zile za zamani zenye waya ndani, hizi za kubana umeme hazitoi joto la maana. Halafu yai lisitazamane na balbu. Weka kipande cha bati katikati, hewa ya moto izungukie pembeni.

ZUHURA: Feni anayo, ya kompyuta.

SALUM: Imeungwa wapi? Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanaunganisha feni na balbu kwenye themostati, kile kifaa kinachozima na kuwasha balbu kufuata joto, kwa hiyo balbu zikizima na feni inalala. Hewa ya moto inapanda juu, ya baridi inakaa chini kwenye mayai. Feni iwe na adapta yake, izunguke usiku na mchana. Na ipulize kupitia kwenye balbu, isiyapige mayai moja kwa moja, yatakauka.

ZUHURA: Na asiye na feni kabisa?

SALUM: Apime usawa wa mgongo wa mayai, joto liwe 38.5 hivi. Ila kwa trei zaidi ya moja, anunue feni tu, dada, asijisumbue.

ZUHURA: Vile vithemostati vidogo vyenye namba nyekundu unaviamini?

SALUM: Naviamini nikishavihakiki. Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, tumbukiza kihisio cha themostati pamoja na kipimajoto cha homa cha duka la dawa. Koroga, subiri, linganisha. Kimoja kikisema 37.5 na kingine 38.4, umeshajua pa kusahihisha. Pia mara nyingi vinakuja vimewekewa tofauti ya nyuzi 2 kati ya kuzima na kuwaka. Shusha mpaka 0.3.

ZUHURA: Mimi napenda pia chupa za maji, zile za lita moja na nusu. Unazipanga chini ya trei, zinatunza joto ukifungua mlango. Na umeme ukikatika, unafunika mashine blanketi na kuibadili chupa moja moja kwa maji ya moto.

SALUM: Na watu wasichanganyikiwe wakiona imeshuka 34 kwa saa mbili. Baridi kidogo inachelewesha. Kinachoua haraka ni 40 na kitu.

ZUHURA: Boksi lenyewe je? Plaiwudi?

SALUM: Friji bovu, kama utalipata! Kuta zake zina povu tayari, mlango unabana. Toboa matundu ya hewa tu, vifaranga wanapumua humo. Na nyaya zifungwe vizuri, kuna beseni la maji ya unyevu na umeme wa volti 230 ndani ya kabati moja.

ZUHURA: Kabla hajaweka mayai?

SALUM: Aiwashe tupu siku nzima. Kipimajoto kikae kila kona nusu saa. Tofauti ikizidi nusu nyuzi, ahamishe feni au bati, apime tena. Mayai yakiingia, anapoyageuza, ya pembeni yahamie katikati. Kuku mwenyewe anafanya hivyo. Na baada ya siku ya 14 aiangalie zaidi trei ya katikati, vifaranga ndani ya mayai wanatoa joto lao wenyewe.

ZUHURA: Siku ya 18 anaacha kugeuza.

SALUM: Anaacha, anaongeza maji, unyevu ufike asilimia 65 au 70. Na mlango asiuguse. Aweke kidirisha cha kioo, maana najua watu, hawawezi kuvumilia.

ZUHURA: Nimjibu hivyo?

SALUM: Mwambie kwanza atume picha ya ndani, nione hiyo feni imeelekea wapi.