Marehemu Haandiki Tena: Mhadhara Kuhusu Hakimiliki na Motisha ya Wabunifu

Mabibi na mabwana, asanteni. Mwenyekiti ameniomba nianze na historia. Sitaanza nayo, mnaijua: Sheria ya Anne ya Uingereza ya mwaka 1710, hakimiliki ya miaka 14, na mingine 14 iwapo mwandishi bado yu hai. Leo nchi nyingi zinalinda kazi kwa uhai wote wa mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Marekani na Umoja wa Ulaya ni 70. Wengine humu mmenisikia nikiuliza swali hili hadi mmechoka, nami nauliza tena: hiyo miaka ya nyongeza inamsukuma nani kuandika?

Msinielewe vibaya. Mkono mtupu haulambwi. Kuandika riwaya kunakula miaka, kuinakili kunakula dakika, na bei ikishuka hadi gharama ya kunakili tu, aliyeandika hapati kitu. Kwa hiyo tunampa mwandishi ukiritimba wa muda: kwa miaka kadhaa, hakuna anayenakili kazi yake bila ruhusa yake. Lakini ukiritimba una mlipaji: kuna msomaji anayelipa zaidi, na kuna yule anayekiacha kitabu dukani kwa sababu hakimudu. Tunavumilia hasara hiyo ili tupate vitabu ambavyo visingeandikwa. Basi kila mwaka tunaouongeza, tuulizwe umeleta vitabu gani.

Mwaka 1841, Bunge la Uingereza liliwekewa mezani muswada wa kulinda vitabu kwa miaka 60 baada ya kifo cha mwandishi. Akasimama Thomas Macaulay, mwandishi mwenyewe, mtu ambaye angenufaika, akaupinga. Alisema hakimiliki ni kodi anayotozwa msomaji ili mwandishi apate ruzuku. Kisha akamtolea mfano Samuel Johnson, mtunga kamusi, aliyekuwa amefariki mwaka 1784. Kama sheria hii ingekuwapo zamani, aliuliza, nani angekuwa anakula matunda ya kazi za Johnson leo? Pengine muuza vitabu fulani, aliyezipata kwa muuza vitabu mwingine, mjukuu wa muuza vitabu wa tatu, ambaye naye alizinunua kwa mtumishi wa Johnson aliyerithi mali yake. Je, kumjua huyo muuza vitabu kungemfanya Johnson, siku zile za dhiki, aongeze hata ukurasa mmoja? Macaulay alidhani Johnson angeona heri peni mbili za kununulia sahani ya nyama siku ileile. Muswada ukaanguka. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya kiasi zaidi: miaka 42 tangu kuchapishwa, au uhai na miaka 7, ule muda ulio mrefu ndio uliotumika.

Najua, mwenyekiti, naiona saa. Ila hapa ndipo watu husema, hayo ni maneno ya wanasiasa, tuonyeshe hesabu. Haya, hesabu. Mwandishi ana miaka 40, atakufa akiwa na 70. Chukueni riba ya asilimia 7. Ukimwahidi 100, ya pesa yoyote muipendayo, atakayolipwa miaka 80 kutoka leo, yaani 30 ya uhai na 50 ya kaburini, thamani yake leo, yaani kiasi ambacho ukikiweka sasa kwa riba hiyo kitafika 100 siku hiyo, haifiki hata nusu ya moja. Sasa tumpendelee: tuseme kitabu chake kitauzwa sawasawa kila mwaka, milele, muujiza ambao hakuna mchapishaji humu aliyewahi kuuona. Bado miaka 80 ya kwanza inabeba zaidi ya asilimia 99 ya thamani yote. Mwongezee 20, umemwongezea kama theluthi moja ya asilimia moja. Nani ataacha kulala kwa theluthi ya asilimia moja?

Na hiyo ni kwa aliye hai. Mwaka 1998 Marekani iliongeza miaka 20 hata kwa kazi zilizokwisha kuandikwa na watu waliokwisha kuzikwa! Kesi ya Eldred, iliyoipinga sheria hiyo, ilipofika Mahakama ya Juu, wachumi 17 waliiandikia mahakama kupinga. Milton Friedman alikuwemo, Kenneth Arrow alikuwemo, watu ambao kwa mambo mengi hawakuonana jicho kwa jicho. Mwaka 2003 majaji saba kwa wawili wakaiacha sheria isimame, kwa kuwa Bunge lina mamlaka hayo. Sawa, mamlaka linayo. Mimi sijauliza kuhusu mamlaka.

Nasikia mtu ananong'ona kwamba natetea maharamia. Hapana, ndugu yangu. Anayeiuza nakala ya wimbo wiki ileile uliyotoka anamnyang'anya msanii miaka yenye pesa hasa. Mkamateni. Mwingine atasema, na watoto wa marehemu je? Watoto wa marehemu mara nyingi hawana kitu, kwa sababu baba yao aliziuza haki zote kwa malipo ya mara moja alipokuwa na shida ya kodi ya nyumba. Ukirefusha muda, unamrefushia aliyenunua. Ukitaka kumsaidia msanii, gusa mkataba: sheria ya Marekani ya mwaka 1976 inamruhusu mtunzi kudai haki zake tena baada ya miaka 35, hata kama mkataba unasema vingine. Hilo ningelisemea saa nzima, sina saa nzima.

Dakika mbili? Basi haraka. Zamani Marekani ilimtaka mwenye haki aombe upya baada ya miaka 28. William Landes, mchumi, na Richard Posner, jaji, walizitazama kazi zilizosajiliwa kuanzia 1883 hadi 1964: zilizoombewa upya hazikufika asilimia 11. Wenyewe waliona hazistahili hata fomu! Rudisheni fomu hiyo, na ada ndogo. Anayeithamini kazi yake atalipa, nyingine zote zifunguliwe kwa umma. Wanasheria watanikumbusha kwamba Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unakataza masharti ya usajili. Unakataza, ndiyo. Mikataba hurekebishwa.

Hoja ya jumuiya za kukusanya mirabaha naiacha. Ya mashine zinazojifunza kwa vitabu vyetu mtaniuliza hata nisipoitaja, kwa hiyo niulizeni. Yule dada aliyenyoosha mkono tangu nilipogusa mikataba, aanze yeye.