Kuunganisha Vipuri Kwenye Kompyuta: Mwendo Upi Ubaki?

Karibuni. Leo tunaunda jiliwa, hili la kubania chuma linalokaa kwenye meza ya kila karakana. Nimelichagua kwa kuwa vipuri vyake vikuu ni vichache: mwili, taya linalotembea, skrubu ndefu na mpini. Tunatumia FreeCAD, programu ya kuchorea na kubuni vitu kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure, na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 inakuja na sehemu yake ya kuunganishia vipuri.

Kipuri chochote mnachokiingiza kwanza huelea. Kinasogea mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, halafu kinazunguka kwenye kila mmoja wa mihimili hiyo mitatu. Njia za mwendo ni 6. Kabla hamjagusa kipanya, jiulizeni: kwenye mashine ya kweli, kipuri hiki hubaki na mwendo gani? Huo ndio tunaouacha. Mingine yote tunaifunga.

Mwili umekazwa kwa bolti mezani, basi tunaufunga njia zote 6. Msiruke hatua hii. Mkiiruka, mkivuta taya jiliwa zima litahama. Taya tunalipa kiungo cha kuteleza, likabaki na njia 1. Skrubu inazunguka ndani ya taya, na uzi wake unapita kwenye nati iliyokazwa mwilini. Uzi ukisonga milimita 4 kwa mzunguko, mizunguko 5 inalipeleka taya milimita 20. Tukishaingiza kipimo hicho, zungusheni mpini mtaona taya likitembea lenyewe. Mimi huipenda sana hatua hii.

Sasa tukae kidogo kwenye bamba gumu la uso wa taya, lenye matundu mawili ya bolti. Wengi hulinganisha mhimili wa tundu la kwanza na mwenzake, kisha la pili vivyo hivyo. Ikiwa matundu ya taya yameachana milimita 60 na ya bamba milimita 60.1, programu inakataa. Karakanani bamba lingeingia bila shida, maana bolti ya M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, kwa kawaida hutobolewa tundu la milimita 9, na ule upenyo unameza tofauti. Kwa kompyuta, mihimili miwili imekutana au haikukutana. Ikikataa, rudini kwanza kwenye vipimo, kwa sababu huenda imewaonyesha kosa la kweli. Kisha fungeni hivi: uso kwa uso, zimekwenda njia 3, mhimili wa tundu moja, zimekwenda 2, iliyobaki ni kuzunguka, nayo inazuiwa kwa kuweka kingo mbili sambamba. Tundu la pili liacheni.

Wazo la kuiambia kompyuta masharti na kuiachia hesabu lina umri mkubwa. Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 huko chuo kikuu cha MIT, Marekani, kwa programu yake ya Sketchpad: unachora mistari, unaiamuru iwe sambamba, nayo inajipanga.

Jambo la mwisho ni mafaili. Faili la jiliwa zima hukumbuka tu mahali mafaili ya vipuri yalipo. Mkibadili jina la faili la skrubu au kulihamisha kienyeji, kesho jiliwa litafunguka bila skrubu. Wekeni yote kwenye folda moja tangu sasa, kisha uingizeni mwili, tuufunge.