Kinga ya Mwili na Sonona: Tusikimbilie Diklofenaki

Assalaam alaykum, matabibu na wauguzi wa Wete.

Mtazameni mwenye homa. Uji hautaki, barazani hatoki, watoto wakicheka anakereka. Hayo si kazi ya kijidudu peke yake. Seli za kinga hutoa saitokaini, yaani matarishi wa kinga: interlukini-1, interlukini-6, TNF. Nyengine hupenya ubongoni pale penye ukuta mwepesi, nyengine hupiga hodi kupitia neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi tumboni, na ubongo wenyewe ndio unaoamrisha mtu alale. Kwa siku tatu, ni kinga. Ikisha miezi mitatu na homa hakuna, faili tunaliandika sonona.

Dawa ndiyo iliyotufumbua macho. Waliochomwa interferoni-alfa, nayo ni saitokaini, kwa homa ya ini C, wengi waliingia sonona katikati ya matibabu. Utafiti wa Marekani wa 2001, kwa wagonjwa wa melanoma (saratani ya ngozi) waliokuwa wakipata dawa hiyo hiyo, uliwatangulizia baadhi paroksetini, dawa ya sonona, wiki mbili kabla: asilimia 11 wakapata sonona, dhidi ya 45 waliopewa dawa bandia. Njia mojawapo ni kimeng'enya IDO. Interferoni hukiamsha, nacho huichukua triptofani, malighafi ya serotonini (kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo), kikaigeuza kainurenini.

Basi kila mwenye sonona apewe dawa ya kutuliza inflamesheni, yaani kinga iliyowaka, kama diklofenaki? Hata kidogo. Mwaka 2013 infliksimabu, dawa inayoizuia TNF, ilijaribiwa kwa watu 60 ambao sonona yao ilikuwa sugu, na kwa jumla haikuishinda dawa bandia. Wenye CRP (protini ya damu inayopanda kukiwa na inflamesheni) ya zaidi ya miligramu 5 kwa lita ndio walioelekea kupata nafuu. Wenye CRP ndogo, dawa bandia iliwafaa zaidi.

Hiyo CRP nayo huponza. Ini huitengeneza kwa amri ya interlukini-6, na jipu la jino, mafua, malaria au kidonda cha mguu wa kisukari vyote huipandisha. Unene pia, ila kidogo. Ikivuka 10, tafuta maambukizi, yatibu, kisha rudia kipimo baada ya wiki mbili au zaidi. Na sonona hutambuliwa kwa kukaa na mgonjwa ukamhoji. Chupa ya damu haiisemi.

La mwisho, nalo mnalikuta kila siku: mgonjwa anayetumia fluoksetini, dawa ya sonona, anayejinunulia diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo. Fluoksetini huzipunguzia chembe sahani, zile za kugandisha damu, serotonini, damu ikachelewa kuganda. Diklofenaki nayo huuvua utumbo kinga yake. Zikikutana, hatari ya tumbo kuvuja damu huzidi. Muulize dawa za dukani kwa majina, na kama choo chake kimekuwa cheusi mithili ya lami. Maumivu ya kawaida, parasetamoli.