Usukani Unacheza Ukigusa 80

SALUMU: Haya, tumerudi. Leo fundi Rehema ameniambia nije niianike aibu yangu hadharani, na nimekubali kwa sababu pesa imeshakwenda, hairudi.

REHEMA: Ianike kaka, jua lipo. Dar hii kitu hakichelewi kukauka.

SALUMU: Ni Canter yangu ile, lori dogo. Nilifunga matairi mapya mawili mbele, najiandaa kupeleka mzigo Dodoma. Mjini safi kabisa. Ubungo na foleni yake, Kimara, hakuna neno. Nikaingia zile njia nane za kwenda Kibaha, barabara ikafunguka, nikakanyaga. Sitini, poa. Sabini, nasikia kama viganja vinawasha. Sabini na tano, usukani unacheza kushoto kulia, na chupa ya maji juu ya dashibodi inatembea yenyewe kumfuata utingo.

REHEMA: Ukapunguza?

SALUMU: Nikapunguza, ikatulia. Nikaongeza, ikarudi. Nikataka nipite tisini nione kama itapotea, nikakumbuka tochi za trafiki za kupima spidi.

REHEMA: Na gari la zaidi ya tani tatu na nusu mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa. Yaani huo mtetemo umekaa palepale unapotakiwa utembee kutwa nzima.

SALUMU: Nikampigia mtu wangu wa spea pale Gerezani. Sijamaliza hata kueleza, ameshasema: tairodi endi, vile viungo vya usukani kwenye matairi ya mbele. Nikanunua mbili, nikafunga.

REHEMA: Ikapona?

SALUMU: Ikapungua! Hapo ndipo nilipodanganyika. Nikasema kilichobaki ni balansi tu, kusawazisha uzito wa tairi. Nikaenda kupiga balansi, mashine inaandika sifuri. Narudi barabarani, mikono inatetemeka vilevile. Nikaenda kwa mwingine. Sifuri tena. Nikapiga na alaimenti, kunyoosha matairi yaelekee sawa, maana nilishakuwa kama mgonjwa asiyeambiwa anaumwa nini, kila dawa nameza.

REHEMA: Alaimenti inasingiziwa sana. Ikiharibika, gari linavuta upande na tairi linaliwa ukingoni. Likishaliwa vibaya ndipo linaweza kuja kutetemesha, lakini alaimenti yenyewe haikutikisi usukani hivyo. Wewe ungekuja kwangu mapema ningekuuliza maswali kabla sijagusa spana. Unatetemeka lini? Unasikia wapi, mikononi au kwenye kiti?

SALUMU: Mikononi.

REHEMA: Basi tunaanzia mbele. Ukisikia kwenye kiti na sakafu, anza na matairi ya nyuma au propela, ile shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma. Propela mara nyingi inasema ukikanyaga mafuta, ukiachia inanyamaza. Hasa kama juzi kuna mtu aliifungua kubadilisha kros, yale maungio yake, akairudisha bila kuweka alama, kros za mbele na za nyuma hazilingani. Na ukitetemeka ukikanyaga breki tu, usihangaike na balansi, angalia disku au dramu, vile vyuma vinavyozunguka na tairi ambavyo breki inavishika.

SALUMU: Yangu haikujali breki. Ilijali spidi.

REHEMA: Inayojali spidi, naanza kushuku kitu kinachozunguka. Chukua gramu 100 tu, ziweke ukingoni mwa rimu ya inchi 16. Ukitembea 40, zinavuta kuelekea nje kwa nguvu ya kama kilo moja na nusu. Ukifika 80, zaidi ya kilo sita. Spidi imekuwa mara mbili, nguvu imekuwa mara nne. Na tairi la Canter kwenye 80 linazunguka karibu mara tisa kwa sekunde, kwa hiyo ekseli inavutwa huku na huku mara tisa kila sekunde.

SALUMU: Ndiyo maana mjini sikusikia kitu.

REHEMA: Ndiyo. Halafu kuna jambo la bembea. Ukimsukuma mtoto kwenye bembea kwa wakati wake, anapaa bila wewe kutumia nguvu. Springi na usukani navyo vina wakati wao. Mizunguko ya tairi ikiupata, mtetemo unapaa, ukiupita, unashuka. Gari linalotetemeka kati ya 75 na 85 halafu likatulia, mara nyingi ni tairi au rimu.

SALUMU: Sasa tairodi endi zilipunguzaje?

REHEMA: Zako zilikuwa zimelegea, si uongo. Lakini tairodi endi iliyolegea haianzishi mtetemo wa namna hiyo, inaupitisha na kuukuza. Ulipofunga mpya ukaondoa ulegevu, kelele ikapungua, mpiga kelele ukamwacha palepale.

SALUMU: Na mashine inasema sifuri.

REHEMA: Mashine ile inapima uzito. Haipimi umbo. Tairi linaweza kuwa na uzito uliolingana vizuri kabisa na bado si mviringo. Yai nalo unaweza kulipiga balansi, lakini hutalifunga kwenye gari.

SALUMU: Waambie ulivyonifanyia.

REHEMA: Gari kwenye sakafu bapa, kabari nyuma, jeki, kisha stendi chini ya ekseli, usiamini jeki peke yake. Nikashika tairi juu na chini, nikalitikisa: hakuna mchezo, yaani halijalegea. Pangekuwa na mchezo ningemwambia mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya habu, kile kitovu cha tairi. Ukibaki, ni kingipini, ile pini ambayo tairi la mbele linageukia. Nikashika kushoto na kulia, zile tairodi endi zako mpya, safi. Basi nikachukua kipande cha tofali, nikakisogeza kwenye kashata ya tairi, pale panapokanyaga barabara, nikaacha nafasi ya njiti ya kiberiti. Nikazungusha polepole kwa mkono.

SALUMU: Mimi nimechuchumaa pembeni. Ile nafasi inafunguka, inafunguka, halafu ghafla tairi linalisugua tofali. Kila mzunguko, palepale.

REHEMA: Nikadhani tairi limevimba, nyuzi za ndani zimeachana. Hilo ni la kutupa, hakuna mjadala, maana linaweza kupasuka. Nikapapasa kashata yote, hakuna uvimbe. Ndipo nikaangalia ubavuni. Karibu kabisa na rimu kuna mstari mwembamba ulioinuka, unazunguka tairi lote. Unatakiwa uwe na umbali uleule kutoka kwenye rimu kila mahali. Wa kwako upande mmoja unaonekana vizuri, upande wa pili umezama ndani ya rimu.

SALUMU: Yaani tairi halikukaa.

REHEMA: Aliyelifunga alilipachika likiwa kavu, kwenye rimu yenye kutu, akajaza upepo, akakuaga. Tukatoa upepo wote, na hapa naomba mnisikilize: rimu za ringi kama hizi, ambazo tairi linashikiliwa na ringi la chuma pembeni, toa upepo mpaka mwisho, chomoa na kipini cha valvu, ndipo uguse ringi. Ringi likiruka linaua. Tukakwangua kutu kwa brashi ya waya, tukapaka maji ya sabuni, tukajaza tukiwa tumekaa mbali, mstari ukatokea sawasawa pande zote. Ndipo tukapiga balansi upya.

SALUMU: Povu la sabuni. Mimi nimenunua tairodi endi, balansi mbili na alaimenti. Dawa yenyewe povu la sabuni!

REHEMA: Na tulipofungua lile tairi nikakuta kosa la pili, hukuniuliza ila nitalisema. Nati. Moja imekazwa kwa bomba mpaka inalia, ya jirani naifungua kwa mkono mmoja. Kwenye rimu kama hizo nati ndiyo inayoiweka rimu katikati. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya zingine, rimu inalala upande. Unaanza zote kwa mkono, halafu unakaza kwa msalaba, nati moja kisha inayotazamana nayo, kidogo kidogo.

SALUMU: Na za kushoto zinafunguka kinyume.

REHEMA: Kwenye magari mengi ya Kijapani ya zamani, ndiyo. Nimeshaona mtu amening'inia kwenye bomba akidhani anafungua, kumbe anakaza, stadi, ile bolti inayoshika nati, ikakatika.

SALUMU: Kuna dereva wa semi, lori la tela, ametuandikia. Kwenye tambarare haoni kitu, lakini akishuka mlima Kitonga, akigusa breki katikati ya mlima, usukani unatingishika mpaka meno yanagongana.

REHEMA: Dramu za mbele. Zimepata moto zikapinda, hazina mviringo tena, kiatu cha breki kinashika na kuachia. Zinaweza kukerezwa, lakini kila dramu ina kipimo chake cha mwisho, mara nyingi kimeandikwa palepale kwenye chuma. Ikizidi hapo, nunua mpya, na nunua mbili, kushoto na kulia. Ila kaka yangu, kama unashuka Kitonga kwa mguu wa breki, hata hizo mpya utazipinda. Shuka kwa gia ndogo na breki ya ekzosti, ile inayoziba moshi ili injini ilizuie gari, mguu uguse mara mojamoja.

SALUMU: Ukiwa na tani thelathini nyuma, mguu unajipeleka wenyewe.

REHEMA: Najua. Ndiyo maana gia unaichagua ukiwa bado juu ya mlima, kabla hujaanza kushuka. Haya, na wewe, nati zako. Nilikwambia ukitembea kilomita 50 mpaka 100 uzikaze tena. Umeshakaza?

SALUMU: Nimekwenda Dodoma nimerudi, usukani umetulia kama maji mtungini.

REHEMA: Sijauliza usukani.

SALUMU: ...Bado.

REHEMA: Gari liko wapi?

SALUMU: Hapo nje.

REHEMA: Spana unayo? Basi zima hiki kinasa sauti, twende.