Kabla ya Kugusa Sindano: Matatizo ya Mafuta na Kabureta katika Injini za Ndege za Mfano

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Karibuni. Tutakwenda haraka kidogo, kwa sababu hapa Dodoma mkichelewa kufika uwanjani upepo unakuwa umeshawatangulia, na tunataka kila mtu awe amerusha kabla ya saa nne.

Injini ndogo ikianza kukohoa, karibu kila mtu hukimbilia sindano ya kabureta, ile skrubu inayopima mafuta yanayoingia. Anazungusha, anasikiliza, anazungusha tena, na baada ya dakika kumi hajui tena alianzia wapi. Angalieni hii kabureta iliyo mezani. Haina floti, haina chemba ya mafuta, haina pampu. Ni tundu la hewa, pipa linalozunguka ukiongeza mwendo, na sindano. Kitu chenye sehemu chache namna hii hakiharibiki usiku mmoja. Kama injini iliunguruma vizuri Jumamosi iliyopita, sindano haikujizungusha yenyewe, labda springi inayoishika iwe imelegea. Kilichobadilika kipo kwingine, na cha kwanza kushukiwa ni mafuta.

Injini hizi hutumia methanoli iliyochanganywa na oili, mara nyingi asilimia 18 hadi 20, na nitromethani, au nitro kwa kifupi, ya kuongeza nguvu, kati ya asilimia 5 na 15. Mchanganyiko usio na nitro ni rahisi kuukumbuka: methanoli mililita 800, mafuta ya nyonyo, ndiyo oili yenyewe, mililita 200, basi una lita moja. Lakini nyonyo iwe safi. Ile ya nywele yenye manukato iacheni saluni. Na msithubutu kutia oili ya pikipiki. Oili ya kawaida haiyeyuki kwenye methanoli. Utatikisa dumu, utaona kama imekubali, kisha itajitenga, na injini itazunguka bila kilainishi chochote mpaka pistoni ing'ang'anie.

Methanoli hunyonya unyevu wa hewani. Kiangazi chetu ni kikavu, kwa hiyo watu hujisahau, halafu mvua zinaanza Desemba na dumu lililoachwa wazi linageuka mafuta yenye maji. Dalili yake ni injini kuwa ngumu kuwaka, na ikiwaka haitulii kwenye mlio mmoja hata ukifanya nini na sindano. Jaribio ni moja tu: weka mafuta mapya, kutoka dumu lililofungwa. Tatizo likiondoka, umemaliza kazi.

Hapo hapo niseme la usalama. Methanoli ni sumu. Inapenya kwenye ngozi na inaweza kupofusha. Moto wake juani hauonekani. Mtu akiruka ruka karibu na dumu huku hamwoni moshi wala mwali, msicheke, mmwagieni maji.

Twende kwenye plagi. Hii haina cheche. Ina waya mwembamba wenye platinamu. Unaupa volti 1.5 kuuwasha, na injini ikishashika, joto la mlipuko na mvuke wa methanoli juu ya platinamu vinaufanya uendelee kuwaka bila betri. Ifungue, iunganishe na betri: waya wote uwe wa rangi ya chungwa kali. Ukiwa mwekundu hafifu, chaji betri kwanza, kisha ndipo ushuku plagi. Waya ukiwa umepauka, una vinundu au umejikunja, injini imekuwa ikikosa mafuta ya kutosha. Na injini ikipoteza mizunguko mara unapoondoa betri, ama plagi imechoka ama mafuta yamezidi. Badilisha plagi kabla ya kubadilisha mawazo.

Sasa tangi. Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo matatizo mengi yanayosingiziwa kabureta yanapozaliwa.

Ndege ikisimama sawa, mstari wa katikati ya tangi uwe usawa wa sindano, au chini yake kwa milimita 5 hadi 10. Tangi likiwa juu mno, mafuta yanajimwaga kwenye kabureta hata injini ikiwa imezimwa. Silinda ikijaa, propela inagoma kuzunguka. Msiilazimishe kwa stata, mtapinda mkono wa pistoni. Fungueni plagi, geuzeni ndege, mafuta yatoke. Tangi likiwa chini mno, injini inalia vizuri ndege ikiwa chini, kisha inazimika pale pale ndege inapoinua pua, kwa sababu mafuta yanapandishwa mlima.

Ndani ya tangi kuna mpira laini wenye kizito mwishoni, unaofuata mafuta popote yaendapo. Kizito kisiguse ukuta wa nyuma. Acha nafasi ya milimita 3 hadi 6, na kicheze huku na huku kwa uhuru. Ndege ikitua kwa pua, kizito huruka mbele na mpira ukajikunja. Utairusha tena, itapaa, na mara tu ikielekea juu injini inanyonya hewa. Ukitikisa tangi usisikie kizito kikigonga, tatizo umelipata.

Mpira huo hugumuka na kupasuka karibu na unapoungana na bomba la shaba. Ufa ukiwa juu ya mafuta, unaingiza mapovu: tangi likijaa injini ni nzima, likibaki nusu inaanza kupiga misi. Dalili hiyo ya nusu tangi ikumbukeni. Kupima, toeni tangi, zibeni mirija yote isipokuwa mmoja, lizamisheni kwenye ndoo ya maji na pulizeni taratibu kwa mdomo kupitia mpira safi. Mapovu yakitoka, kizibo au bomba linavuja. Ufa wa mpira wa ndani jaribio hili haliuonyeshi. Huo mnautafuta kwa macho, mkiuchomoa na kuukunja kwa vidole. Kisha kuna mpira kutoka silensa kwenda tangini, unaosukuma mafuta kwa shinikizo la moshi. Ukichomoka au ukipasuka, mafuta hupungua na injini hupata joto.

Mafuta yanayotoa povu ni kesi nyingine. Hilo ni mtikisiko. Sawazisha propela, kaza boliti za injini, zungushia tangi sponji. Tangi lisibanwe moja kwa moja na ubao wa ndege.

Filta ya mafuta ifunguliwe na kusuuzwa kwa methanoli. Vumbi letu hili jekundu ni laini mno, na kabureta nyingi za namna hii hazina chujio la hewa. Washeni injini juu ya turubai, si juu ya udongo.

Kama yote hayo ni mazima, tafuteni hewa inayoingia kwa wizi: oringi iliyo chini ya kabureta, gasketi ya kifuniko cha nyuma. Injini inayopanda mizunguko yenyewe bila kuguswa, kisha haitaki kushuka, huwa inavuta hewa hapo.

Sasa ndiyo sindano. Dodoma tupo mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lile lile, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 12. Injini iliyowekwa sawa Dar ikifika hapa inazidiwa mafuta: moshi mwingi, nguvu haba. Unaifunga sindano kliki chache. Kinyume chake ndicho cha hatari. Ukiiweka sawa hapa ukaipeleka pwani bila kuifungua, itakosa mafuta na kuungua. Na hata ukiiweka sawa kabisa, nguvu yote ya pwani hutaipata hapa; propela ndogo kidogo itakusaidia kuliko kuminya sindano.

Simama nyuma ya propela. Anza sindano ikiwa wazi mizunguko miwili hadi miwili na nusu, kama kitabu cha injini hakisemi vingine. Pasha injini moto, fungua kabureta yote, funga sindano polepole hadi mlio ufike juu kabisa, kisha rudisha hadi takometa, kipimo cha mizunguko, ishuke mizunguko 200 hadi 400 kwa dakika. Inua pua ya ndege: mlio upande kidogo au ubaki palepale. Ukishuka, fungua kliki mbili zaidi.

Halafu mlio wa chini. Ikiwa inazunguka polepole, bana mpira wa mafuta kwa vidole. Ikizimika papo hapo, mafuta ya chini ni machache. Ikipanda sana kwanza, ni mengi. Rekebisha skrubu ya mlio wa chini kwa robo ya nusu mzunguko tu kila mara, na hakikisha kwanza skrubu yako ni ya aina gani: kwenye kabureta za sindano mbili, kufunga hupunguza mafuta, kwenye zile zenye tundu dogo la hewa mbele, kufunga huyaongeza. Watu wengi wamehangaika asubuhi nzima kwa kutojua hilo tu.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza kama anaweza kutia petroli kwenye injini hii. Hapana. Petroli haiufanyi waya wa platinamu uendelee kuwaka, na mpira wa silikoni utavimba. Tena vipimo havilingani: kilo moja ya petroli inahitaji kilo 14.7 za hewa, ya methanoli kilo 6.4 tu.

Wenye injini za petroli, kabureta yenu ni ya kiwambo, yaani utando mwembamba unaopampu mafuta. Changanyeni 1 kwa 40, yaani mililita 125 za oili ya tu-stroki kwa lita 5, labda kitabu kiseme vingine. Injini ikiwaka kwa choki na kufa choki ikifunguliwa, fungueni kifuniko cha pampu mtazame kichujio kidogo cha waya, kisha kiwambo. Kikiwa kigumu kama karatasi kavu, badilisheni, na mkirudisha gasketi angalieni isizibe tundu la msukumo linalotoka kwenye krankikesi, nyumba ya krenki.

Swali la mwisho: kabureta iliyoganda kwa nyonyo. Ilowekeni kwenye methanoli usiku kucha. Asetoni ni haraka zaidi, lakini toeni oringi kwanza, zinaharibika humo. Bisibisi zipo kwenye sanduku. Tuanze na hiyo injini isiyozunguka.