Amsterdam: Ninaitafuta Ndoano, Si Kibao

Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi: kwenye ndoano. Chekeni tu. Nyumba nyingi za zamani kando ya mifereji ya Amsterdam zina boriti iliyochomoza juu kabisa, penye kilele cha paa, na ndoano imening'inia. Nyumba zile ni nyembamba, na ngazi zake zimesimama wima hata kabati halipiti. Basi mizigo ya wafanyabiashara wa karne ya 17 ilivutwa kwa kamba ikaingizwa dirishani, na baadhi ya nyumba zilijengwa zikiinamia mbele ili mzigo usikwangue ukuta. Hadi leo mtu akihamia, kochi lake hupandishwa kwa nje. Palipo na makochi yanayopanda na kushuka, pana wakazi. Mimi naitafuta ndoano hiyo, si kibao cha UNESCO cha mwaka 2010, mifereji ilipotangazwa Urithi wa Dunia.

Na msidhani wakazi walibaki kwa bahati. Mwaka 1975 watu wa Nieuwmarkt, mtaa wa katikati ya jiji, walipambana na polisi, maana manispaa ilikuwa inabomoa nyumba zao ipitishe reli ya chini ya ardhi, na kwenye mipango kulikuwa na barabara kuu pia. Reli ilipita. Barabara iligonga mwamba, na palipobomolewa zikajengwa nyumba za kuishi. Tayari mwaka 1956 ilikuwa imeanzishwa kampuni ya Stadsherstel, inayonunua majengo mabovu na kuyakarabati. Ilipenda hasa nyumba za kona, kwa sababu kona ikisimama, safu nzima ina pa kuegemea. Kisha huyapangisha. Narudia: huyapangisha!

Karne hiyo ya 17 Waholanzi waliiita zama za dhahabu. Najua yupo atakayeniuliza, zilikuwa dhahabu kwa nani? Swali la haki. Utajiri ule una mkono wa VOC, Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, na wa biashara ya watumwa. Makumbusho ya Amsterdam yaliliacha jina hilo mwaka 2019, na meya akaomba radhi mwaka 2021 kwa mkono wa jiji katika utumwa. Vizuri sana. Ila jina jipya halimpunguzii mtu kodi ya pango.

Mwenyekiti ananikazia macho. Haraka basi: watalii. Mwaka 2019 manispaa ilishusha kikomo cha kupangisha wageni nyumba yako hadi siku 30 kwa mwaka. Kuta za mifereji: zilijengwa enzi za mikokoteni, leo zinabeba malori, na mwaka 2020 ukuta wa mfereji wa Grimburgwal uliporomoka majini. Huo ni mhadhara mwingine. Maswali? Na asiniulize mtu bei ya hoteli.